EDMOND THIEFFRY, AVOKA ALIYEPIMA NJIA YA HEWA



Muhula huu mwalimu wa jeografia alitupatia, sisi wa darasa la sita, kazi ya nyumbani yenye swali moja fupi: kutoka Bruxelles mpaka Kinshasa ni kilometa ngapi kwa njia ya hewa, na msafiri anatumia muda gani? Tuliona ni kazi ya watoto. Tulichukua uzi wa kushonea, tukaubana juu ya globu ya darasa kutoka mji mmoja mpaka mji mwingine, tukaupima kwa rula, tukapata kilometa kama 6,200. Kisha tukagawanya kwa 800, ambazo ndizo kilometa ndeke kubwa inazokwenda kwa saa moja, ao zaidi kidogo. Tukaandika: saa saba na dakika 45. Tukapiga mstari chini yake kwa wino mwekundu.

Kaye ziliporudi tulikuta 5 kwa 10. Tulinung'unika sana, maana hesabu ilikuwa sawa. Mwalimu akatueleza kwamba kilometa tulizipata vizuri, lakini muda tulioandika ni muda wa ndeke hewani, si muda wa msafiri. Tena akasema kuna mtu aliyeonyesha tofauti ya vitu hivyo viwili kuliko mtu yeyote, na tofauti ile ilimgharimu sana. Akaandika jina lake ubaoni: Edmond Thieffry. Katika darasa lote hakuna hata mmoja aliyelijua. Tuliona haya zaidi tulipoambiwa kwamba mtu yule alikufa upande wetu huu, karibu na ziwa Tanganyika, ziwa ambalo tunaliona kila asubuhi tukiamka.

Basi, kwa kuwa sisi ndio wenye kuongoza wanafunzi wa mwaka huu, na kurasa hizi zilikuwa bado tupu, tulitafuta habari zake. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Edmond Thieffry alizaliwa tarehe 28 mwezi wa tisa 1892, kule Etterbeek, mtaa mmoja wa Bruxelles. Hakuanza na ndeke. Alisoma sheria kwenye universite ya Louvain ili apate kuwa avoka, mtu wa kusimama mbele ya tribinali na kusemea wengine. Mwaka aliozaliwa hapakuwa na ndeke hata moja ya moteri iliyoruka duniani. Ndugu Wright wa Marekani waliruka mara ya kwanza mwaka 1903, wakati Thieffry alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Vita ya 1914 ikafika, Wajerumani wakaingia Ubelgiji, na yeye alikuwa askari. Wakamkamata. Hakukaa mikononi mwao siku nyingi: aliiba pikipiki, akakimbia nayo mpaka Uholanzi, inchi ambayo haikuingia vitani, na kutoka pale akarudi kwenye jeshi lake. Wengi wetu tulipenda habari hii kuliko nyingine zote, na dada mmoja wa darasa la tano alituomba tuisimulie mara mbili. Lakini tusikae hapo.

Mwaka 1915 aliomba kuwa piloti, akapelekwa Étampes, Ufaransa, kujifunza. Na hapa tuseme kweli: alikuwa mwanafunzi mbaya. Alivunja ndeke nyingi kuliko Mbelgiji mwingine yeyote katika mafunzo yale. Wakubwa wake waliogopa kumwachia ndeke yenye watu wawili, maana angeua mwenzake pamoja naye. Mwisho wakamtia katika kundi la ndeke za kupigana, zile za mtu mmoja tu, ili akianguka aanguke peke yake. Kumbe ndipo alipofaa. Mwezi wa tatu 1917 aliangusha ndeke ya kwanza ya adui. Tarehe 3 mwezi wa saba mwaka uleule aliangusha mbili kwa siku moja, jambo ambalo Mbelgiji mwingine hakuwa amelifanya bado. Alifika kumi kwa jumla, na katika mapiloti wa Ubelgiji wa vita ile akahesabiwa wa tatu, nyuma ya Willy Coppens na André de Meulemeester.

Tarehe 23 mwezi wa pili 1918 na yeye akaangushwa. Aliungua, akakamatwa na Wajerumani mara ya pili, na safari hii hapakuwa na pikipiki. Alijaribu kutoroka hata hivyo, ikashindikana, akabaki kifungoni mpaka vita ilipokwisha.

Akarudi Bruxelles kwenye kazi yake ya avoka. Mtu mwingine angetosheka: jina analo, medali anazo, kazi nzuri anayo. Lakini kila mara alipoangalia karta ya dunia alisumbuliwa na neno moja. Ubelgiji ilikuwa inatawala Congo, inchi kubwa kuliko yenyewe karibu mara themanini, na hapakuwa na njia ya kufika huko isipokuwa meli.

Tuelewe vizuri njia ya meli, maana bila hiyo safari ya Thieffry haina maana. Msafiri alipanda meli pale Antwerpen, akakaa baharini majuma kama matatu mpaka Matadi. Kutoka Matadi hakuna meli inayoweza kupanda, kwa sababu ya maporomoko ya mto, kwa hiyo alipanda gari la moshi mpaka Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa. Reli ile ilimalizika mwaka 1898. Mbele ya hapo watu walitembea kwa miguu na mizigo kichwani, na wapagazi wengi walifia njiani. Barua iliyoandikwa Bruxelles leo ilisomwa Léopoldville karibu mwezi mmoja baadaye, na jibu lilirudi mwezi wa pili. Mtu akiwa mgonjwa, jamaa zake walipata habari amekwisha kupona ao amekwisha kuzikwa.

Ndeke zilikuwa zimekwisha kuonekana Congo. Tangu 1920 mpaka 1922 palikuwa ndeke ndogo za kushuka juu ya maji zilizofuata mto kati ya Léopoldville na Stanleyville, ambayo ni Kisangani ya leo. Lakini hizo zililetwa kwa meli ndani ya makasha. Hakuna hata moja iliyotoka Bulaya kwa mabawa yake.

Thieffry alikwenda kwa wakubwa, akaandika barua, akabisha milango. Mfalme Albert wa Kwanza alipenda mambo ya ndeke, akamsaidia. Sabena, kampuni ya ndeke iliyoanzishwa mwaka 1923, ikatoa ndeke moja aina ya Handley Page yenye moteri tatu, moja mbele puani na mbili pembeni. Mabawa yake yalikuwa mawili kila upande, moja juu ya lingine. Mwili ulikuwa wa mbao na kitambaa. Wakaiita Princesse Marie-José, jina la binti wa mfalme. Na wasafiri walikuwa watatu: Thieffry mwenyewe, piloti Léopold Roger, na fundi wa moteri Joseph De Bruycker.

Waliruka tarehe 12 mwezi wa pili 1925 kutoka kiwanja cha Haren, Bruxelles. Walishuka Léopoldville tarehe 3 mwezi wa ine.

Sasa chukua kalamu, ndugu msomaji, tuhesabu pamoja. Ukihesabu siku ya kuondoka na siku ya kufika, ni siku 51. Saa walizokuwa hewani zilikuwa 75 na dakika 25. Kilometa zilizoandikwa ni 8,124. Ukigawanya kilometa kwa saa za hewani unapata kama 108 kwa saa moja. Mwendo huo si mbaya kwa ndeke ya kitambaa. Kama wangeweza kuruka bila kusimama hata dakika moja, usiku na mchana, wangefika kwa siku tatu na saa tatu na kidogo. Siku 51 ni saa 1,224. Kwa hiyo katika kila saa 100 za safari ile, ndeke ilikuwa hewani saa sita tu, na saa 94 ilikuwa chini.

Rafiki yetu mmoja, bingwa wa matematika, alipoona hesabu hiyo alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema meli ya Antwerpen ingetoka siku ileile, ingefika Matadi, ingepakua, na ingekuwa karibu kurudi kwao wakati Thieffry bado anatafuta esanse jangwani. Kwa hesabu ana haki. Mwaka 1925 njia ya hewa ilikuwa ndefu kuliko njia ya maji. Tulibishana naye jioni nzima mpaka kengele ya kulala ikalia, na sisi wenyewe, wenye kuamuru wengine wanyamaze, ndio tuliokuwa na makelele mengi.

Maneno tuliyomjibu ni haya. Zile siku 51 zinaonyesha njia ilivyokuwa. Zile saa 75 zinaonyesha ndeke ilivyoweza. Siku zinaweza kupunguzwa na watu, kwa kutengeneza viwanja, kuweka esanse mbele ya safari, kuweka fundi na vyuma vya akiba, kuweka mtu wa telegrafu wa kusema kama kule mbele kuna mvua. Meli nayo, ukitengeneza bandari namna gani, bahari haipungui. Thieffry alijua jambo hilo kabla ya kuondoka. Alikwenda kulionyesha.

Turudi njiani. Kwa nini kilometa 8,124, na uzi wetu ulitoa 6,200 tu? Ni kwa sababu uzi hauna tangi. Ndeke yao haikuweza kufuata mstari mnyofu juu ya bahari ya Mediterania na Sahara, ilikwenda kwa kurukaruka kama panzi, kila mruko mpaka pale penye esanse na maji na ardhi ya kushukia. Walishuka Ufaransa, wakapita pwani ya Hispania, wakavuka bahari mpaka Oran katika Algeria. Kutoka hapo mpaka Colomb-Béchar kwenye mlango wa jangwa. Kisha Sahara yenyewe, mpaka Gao kwenye mto Niger. Halafu Niamey, Zinder, Fort-Lamy ambayo leo ni N'Djamena, Fort-Archambault ambayo leo ni Sarh, Bangui, na mwisho kuteremka na mto mpaka Léopoldville. Ukiweka majina hayo juu ya karta utaona wametafuta mito. Mto ni karta ya piloti asiye na karta: unaonekana kutoka juu, hauhami, na kando yake kuna watu.

Kuvuka Sahara ndiko tulikodhani ndiko kulikochelewesha. Sivyo. Siku nyingi ziliwaponyoka baada ya jangwa, upande wa Chad, ambako mashine iliharibika na wakakaa majuma mazima chini wakingojea iweze kuruka tena. Fikiri hali hiyo. Umekwisha kuvuka Mediterania na Sahara, umebakiza sehemu ndogo ya njia, na unakaa chini ya mti unaangalia ndeke iliyokufa. Hakuna duka la propela katika inchi ile. Chombo kikivunjika, kile kingine kitakuja kwa meli, kwa gari, kwa mtumbwi, kwa kichwa cha mtu. Yaani ndeke ilisubiri miguu. Sisi tunaona hiyo ndiyo sehemu kubwa ya habari yake, zaidi ya kutua Léopoldville na watu kupiga makofi.

Na hapa kuna jambo lingine ambalo vitabu tulivyoona vinalipita haraka. Kiwanja hakiotei chenyewe. Ili ndeke ya mbao ishuke katikati ya pori, lazima miti ikatwe, visiki ving'olewe, vichuguu visawazishwe, na siku zile hapakuwa na mashine za kazi hiyo. Palikuwa na majembe na mashoka na watu wa vijiji, walioitwa na serikali ya kikoloni bila kuulizwa kama wanapenda. Majina ya wale watatu waliokuwa ndani ya ndeke yanajulikana. Majina ya waliofyeka hayakuandikwa popote. Wala hao hawakupanda ndeke ile, wala barua zilizopitia njia ile baadaye hazikuwa zao. Tunamsifu Thieffry kwa moyo wake, lakini neno hili tusilifiche.

Baada ya kufika, hawakurudi kwa hewa. Walirudi Ubelgiji kwa meli, ileile waliyotaka kuishinda. Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu 1926, Wabelgiji wengine, Medaets na wenzake wawili, walitoka Bruxelles kwa ndeke aina ya Breguet wakafika Léopoldville chini ya majuma mawili, tena wao walirudi kwa ndeke ileile. Kutoka siku 51 mpaka chini ya 14, kwa mwaka mmoja tu! Yule rafiki yetu wa matematika hapa alianza kunyamaza.

Thieffry angeweza kukaa na sifa ya kuwa wa kwanza. Hakukaa. Mwaka 1928 alijaribu tena mara mbili kwenda Congo, kwa ndeke ndogo zaidi, akitaka kupunguza siku zake mwenyewe. Mara zote mbili alishindwa, hakufika Congo. Watu wakaanza kusema kwamba bahati yake imekwisha, na sisi tunadhani hata yeye alisikia maneno hayo. Lakini alikuwa ameona jambo ambalo wengine walikuwa hawajalifikiria sana: kufika Léopoldville si kufika Congo.

Sisi wa mashariki tunalielewa neno hilo bila mwalimu. Rudisha uzi juu ya globu, upime kutoka Kinshasa mpaka Kalemie. Utapata kilometa kama 1,540. Si nyingi, ni robo moja ya njia ya Bruxelles. Sasa sikiliza namna msafiri wa siku za Thieffry alivyozipita. Alipanda masua Léopoldville akapandisha mto zaidi ya kilometa 1,700 mpaka Stanleyville, majuma mawili na zaidi. Pale kuna maporomoko, kwa hiyo alishuka akapanda gari la moshi mpaka Ponthierville, ambayo ni Ubundu. Kutoka hapo masua tena mpaka Kindu. Kutoka Kindu gari la moshi mpaka Kongolo. Kutoka Kongolo masua mpaka Kabalo. Kutoka Kabalo gari la moshi tena, kilometa 273, mpaka Albertville, yaani Kalemie, kwenye ziwa letu. Mizigo ilishushwa na kupakiwa mara tano, na kila mara palikuwa na kungojea. Ukijumlisha njia hiyo yote, ni karibu mara mbili ya uzi. Mtu aliyetoka Antwerpen alimaliza bahari nzima kwa majuma matatu, halafu ndani ya inchi moja tu akatumia muda uleule ao zaidi.

Ndiyo sababu mwaka 1929 Thieffry alikuja Congo kutazama namna ya kuanzisha safari za ndeke ndani ya inchi, kuunganisha miji ya ndani. Alikuwa na ndeke ya Kifaransa aina ya Aviméta. Tarehe 11 mwezi wa ine 1929 alikuwa akiruka karibu na ziwa Tanganyika pamoja na Gaston Julien na fundi Eugène Gastuche. Ndeke ikaanguka. Thieffry akafa, na Julien akafa. Gastuche akapona.

Alikuwa na miaka 36. Ilikuwa imepita miaka ine na siku chache tangu ile siku aliposhuka Léopoldville. Aliyeanguka mara nyingi akijifunza, aliyeangushwa vitani akaungua akapona, aliyevuka Sahara kwa mbao na kitambaa, alikufa juu ya njia fupi, katika kazi ya kawaida, kwenye inchi tunayoikanyaga.

Tulitembea jumamosi moja kuuliza wazee wa mtaa kama walisikia kwa baba zao habari ya ndeke ile. Hawakuwa na habari. Mmoja wao tu alitwambia kwamba upepo wa ziwa mwezi wa ine si wa kuchezea, na wavuvi wanaujua. Tuliandika neno lake kwenye kaye, tukamshukuru, tukarudi kwa miguu.

Kule kwao hawakumsahau. Mwaka 1932 Etterbeek walimjengea nguzo ya ukumbusho. Na leo mtu akipanda treni ya chini ya udongo katika Bruxelles, kuna stesheni moja iliyofunguliwa mwaka 1976 yenye jina Thieffry. Watu wanashuka pale kila siku wakienda sokoni na kazini.

Lakini ukumbusho tunaoupenda sisi ni mwingine. Tarehe 23 mwezi wa pili 1935, Sabena ilifungua safari ya kawaida ya Bruxelles–Léopoldville, ile ambayo mtu yeyote mwenye feza angeweza kukata tiketi. Ndeke ilikuwa Fokker yenye moteri tatu, ikiongozwa na Prosper Cocquyt na Jean Schoonbroodt. Ilisimama usiku, ikaruka mchana, ikafika kwa siku tano na nusu. Viwanja vilikuwepo, esanse ilikuwepo, vyuma vya akiba vilikuwepo. Njia ilikuwa na kila kitu ambacho Thieffry alikikosa chini ya ule mti wake wa Chad. Nayo ndeke ile ilikuwa imepewa jina la Edmond Thieffry.

Halafu mambo yalikimbia. Ndeke za jeti zilifika mwaka 1960, mwaka wa uhuru wetu, na siku zikageuka kuwa saa. Sabena yenyewe ilifungwa mwaka 2001, na kampuni nyingine zimeshika njia ile. Leo ndeke inatoka Bruxelles asubuhi na kushuka N'djili siku ileile, kama saa nane hewani.

Sasa turudi kwenye kazi yetu ya nyumbani, maana mwalimu aliturudishia kaye tuisahihishe. Saa nane ni za ndeke. Msafiri anaongeza saa tatu za kungojea kiwanjani kabla ya kuondoka, anaongeza pasipoti na mizigo wakati wa kufika, anaongeza barabara ya kutoka N'djili mpaka mjini, ambayo siku ya mvua tunaambiwa inaweza kula saa tatu peke yake. Hapo tuko saa kumi na ine, na bado yuko Kinshasa.

Kama anakuja kwetu mashariki, aangalie na saa ya mkono. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Mtu akiondoka kule saa mbili asubuhi ya kule, akashuka kwetu saa tano ya kwetu, asiandike kwamba alikuwa hewani saa tatu. Alikuwa saa mbili tu. Watu sita katika darasa letu walianguka kwenye shimo hilo katika swali la pili, na sisi tulikuwa wa kwanza kuanguka. Na siku akikosa ndeke, basi, inabaki masua na gari la moshi na barabara. Shemeji wa mwanafunzi mmoja wa hapa alitoka Kinshasa kwa masua na malori mwaka juzi ili aje kwenye matanga ya mama yake. Alifika majuma matano baada ya maziko. Globu inasema kilometa 1,540.

Tuliandika hayo yote kwenye kaye, pamoja na njia ya Thieffry, na siku 51, na saa 75 na dakika 25. Mwalimu alitupa 9 kwa 10. Ile moja alituondolea kwa sababu tulikuwa tumeandika Fort-Lamy bila kutaja jina lake la leo. Karta tuliyochora imebandikwa ukutani katika darasa la sita, karibu na dirisha. Wadogo wa darasa la kwanza na la pili wanaweza kuja kuiangalia saa ya mapumziko, lakini wasiguse uzi.